Kitufe cha FUNG

Hapo zamani, na msiniulize zamani gani, maana simu za mkononi zilikuwepo na watu walikuwa wameshajifunza kutoaminiana, palikuwa na mashamba ya mpunga mahali panapoitwa Kwetango. Maji yalitoka mtoni kwa mfereji mmoja, yakagawanywa na malango ya chuma. Mwanzoni malango yale yalizungushwa kwa usukani wa mkono. Baadaye yakafungiwa mota, na kila mkulima akawekewa programu kwenye simu yake. Zamu yako ikifika, unafungua lango ukiwa popote ulipo. Zamu ikiisha, unafunga. Usukani uliachwa palepale, kwa siku ambayo mota ingegoma.

Penye Lango la Chini palikuwa na mwanamke aitwaye Mwanjaa, mwenye jaruba moja la mpunga alilorithi kwa mama yake. Mwanjaa alikuwa mtu wa kushuku. Ukimsalimia mapema mno, anajiuliza unataka nini. Usipomsalimia, anajua unachotaka. Msimcheke, maana alikuwa na sababu, au alidhani anayo, na mtu anayedhani anayo hulala macho sawa na mwenye nayo kweli.

Sababu yenyewe ilikuwa jirani yake wa juu, Mzee Shekue. Kati ya majaruba yao palikuwa na tuta, na kila msimu Mwanjaa aliliona tuta lile limesogea kidogo upande wake. Hakuwahi kumwona mtu na jembe. Aliliona tuta tu. Alipokwenda kushtaki kwa Mbelwa, mwenyekiti wa wakulima, Mbelwa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Mama, umeniletea maneno. Niletee macho." Mwanjaa alirudi nyumbani na uchungu wa kuonekana mzushi mbele za watu. Akamkataza Shekue kukanyaga lile tuta, ingawa ndiyo njia pekee ya kutoka kwa Shekue kwenda langoni. Na akajiapiza kwamba safari nyingine hatakwenda na maneno matupu.

Basi ukaja mwaka simu zilipobadilika sura. Mnazijua simu. Unalala nayo ni simu yako, unaamka imejisasisha, herufi zimenenepa, pembe zimekuwa duara, na vitu havipo ulipoviacha. Safari ile simu zilijitwalia na sehemu ya chini ya kioo. Ukigusa pale, simu ilidhani unataka kutoka, ikakutoa.

Aliyeitunza programu ya malango alikuwa Yusta, binti wa palepale Kwetango, naye akiwa na jaruba lake. Yusta aliona hatari kabla ya wengine. Tangu mwanzo kitufe cha FUNGUA kilikuwa juu na cha FUNGA chini yake, kama lango lenyewe lipandavyo na kushuka. Hata asiyesoma alijua cha kubonyeza. Sasa FUNGA kilikuwa kimeangukia kwenye sehemu iliyotwaliwa na simu. Ukitaka kufunga lango, unatupwa nje ya programu na maji yanaendelea. Yusta akaipanga upya programu nzima. Akavitoa vitufe kule chini, akavipandisha, akaviweka ubavu kwa ubavu. Akawatangazia wakulima walete simu zao azijaribu moja moja. Walikuja wawili. Wengine walisema binti anataka kuchungulia mambo ya watu, na mmoja wa waliosema hivyo, kwa sauti ya kusikika, alikuwa Mwanjaa.

Sasa sikilizeni sheria ya Kwetango, maana hapo ndipo penye kisu. Anayezamisha kitalu cha mwenzake, miche yake hung'olewa ikapandwe kwenye jaruba la aliyezamishiwa. Hakuna faini, hakuna kubembelezana. Mbegu hutolewa mara moja kwa msimu na maji ya kupandikiza hayamngoji mtu. Aliyebaki bila miche hula kwa kuomba mpaka msimu mwingine.

Alasiri moja Mwanjaa alikuwa uani anapepeta mchele. Simu ikalia kwa taarifa ya programu, ile inayowafikia wote wa lango moja. Akasoma: Lango la Chini limefunguliwa lote. Aliyefungua: Shekue.

Zamu ya Shekue ilikuwa inaishia saa ileile. Lango lililokuwa wazi robo lilipaswa kufungwa, nalo limefunguliwa lote. Na kitalu cha Mwanjaa kilikuwa chini ya lango lile, miche haijavuka urefu wa kidole. Mwanjaa aliweka ungo chini. Moyo wake uliruka kwa hofu, na chini ya hofu, naomba mnivumilie nikisema, palikuwa na furaha kidogo.

"Leo nimekupata," alisema.

Alikimbia mpaka langoni. Maji yalikuwa yanaimba yakipita, yamefika kwenye ukingo wa kitalu, bado hayajaingia. Akaushika usukani. Kisha akawaza: nikifunga, nitakuwa na nini? Atasema lango halikuwa wazi. Atasema nimelichezea mwenyewe nimsingizie. Na taarifa ya simu je? Programu ni ya Yusta, na Yusta anamwita Shekue mjomba; aliyeiandika hawezi kuifuta? Mwanjaa akauachia usukani. Akaenda kuleta macho.

Alikwenda kwa jirani aitwaye Kilua, akamkuta bafuni, akangoja nje huku anakanyagakanyaga. Wakaenda pamoja kwa Mbelwa. Waliporudi wote watatu, kitalu hakikuonekana. Palikuwa na maji ya tope yametulia kama chai iliyosahaulika. Mbelwa alikwenda kwenye usukani, akauzungusha, na lango likashuka bila taabu.

Kesho yake wakulima walikusanyika kwenye ghala la mpunga. Mwanjaa alisimama na mashahidi wake pande mbili, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemwona mzushi. Akaeleza. Akamaliza kwa kusema, "Sina maneno, Mwenyekiti. Waulize walioona."

Shekue aliinuka taratibu. Hakukana. Alitoa simu yake, akaiweka mezani, akasema, "Njooni msome. Mwenye macho mazuri anionyeshe cha kufunga."

Watu wakainama juu ya meza. Macho ya Shekue yalikuwa yamechoka, na mjukuu wake alikuwa amemwekea herufi kubwa. Ndani ya vile vitufe vipya, vyembamba, maneno hayakuenea. Kushoto paliandikwa FUNG na nukta. Kulia paliandikwa FUNG na nukta. Rangi nazo, ambazo zamani zilikuwa nyekundu na kijani, sasa zilifuata picha aliyoweka mwenye simu. Na Shekue aliweka picha ya marehemu mkewe amejitanda khanga ya kijani. Vitufe vyote viwili vilikuwa kijani. Minong'ono ikaanza.

"Na nani ajuaye," alisema Mwanjaa, "kama herufi hizo hakuzinenepesha leo asubuhi?"

"Mimi hata kuipunguza sauti siwezi, Mama," Shekue alijibu. "Asubuhi mjukuu wangu alinifungulia robo kwa usukani, akaenda zake. Kufunga nilibonyeza cha kushoto kwa sababu nilibahatisha. Hilo ndilo kosa langu, nalikubali. Kuuliza niliogopa. Mtu anayeambiwa kila msimu kwamba ni mwizi wa tuta, akisema hajui kufunga lango, ataachiwa zamu yake? Nilitaka kwenda kuangalia kwa macho. Njia ni tuta lako, na tuta lako umenikataza mbele za watu. Ningeonekana pale, ungesema nini?"

"Simu ilitoa taarifa," Mbelwa alisema. "Kwako haikufika?"

"Ilipobadilika iliniuliza kama nairuhusu programu iniletee taarifa. Matapeli ni wengi, Mwenyekiti. Nikakataa."

Mwanjaa alimtazama usoni akitafuta uongo. Aliutafuta kwa bidii. Kuna mahali alihisi ameuona, karibu na mdomo, kisha ukapotea, na hakuwa na hakika kama ulikuwepo.

Akamgeukia Yusta. "Basi mwenye vitufe aseme. Vilikuwa vizuri, juu na chini. Nani alimtuma kuvihamisha?"

Yusta alisimama, mikono nyuma. Akasema, "Shikamooni. Nisingevihamisha, leo msingekuwa na kitalu kimoja kilichozama, vingezama vyote, maana hakuna simu iliyobadilika ambayo ingeweza kufunga lango. Ni kweli nilivijaribu kwenye simu yangu na zile mbili zilizoletwa, maneno yakaenea yote. Herufi kubwa sikuzifikiria. Ningeweza kuzifikiria, nina mama mwenye miwani. Lakini mimi niliwaita, Mama Mwanjaa. Niliwaita, na mkaambiana msinipe simu zenu."

Mwanjaa akatazama sakafu. Mbelwa akajikuna kidevu, akamwita shahidi, Kilua, aseme alichoona. Kilua akasema alichoona: maji juu ya kitalu, lango wazi. Mbelwa akamwuliza alijuaje kwamba kuna shauri. Kilua akasema Mama Mwanjaa alimfuata nyumbani, akamngoja amalize kuoga.

"Alitokea wapi?" aliuliza Mbelwa.

"Langoni," alisema Kilua, na alipokwisha kulitamka, akalisikia mwenyewe.

Mbelwa alimgeukia Mwanjaa pole pole, kama mtu asiyetaka kulifikia swali lake.

"Mama, ulipita langoni maji yakiwa wapi?"

Mwanjaa angeweza kusema uongo. Hakuna aliyemwona. Lakini alikuwa ametumia miaka yake kutafuta uongo kwenye nyuso za watu, na sasa nyuso zote zilikuwa zimemgeukia yeye.

"Kwenye ukingo," alisema. "Yalikuwa hayajaingia."

"Usukani uliuona?"

"Niliushika. Nikauachia, nikaja kuwaita ninyi." Machozi yalimtoka, na hakuyafuta. "Msinitazame hivyo. Nilipokuja na maneno, ni wewe, Mwenyekiti, uliyeniambia nilete macho. Nimeyaleta. Lango aliyelifungua ni yeye. Vitufe aliyevihamisha ni huyu binti. Mimi sikubonyeza kitu, sikupanga kitu. Kosa langu ni lipi, zaidi ya kufanya mlivyonifundisha?"

Shekue akasema, "Mimi sikutaka kuzamisha kitu chochote. Nilitaka kufunga."

Yusta akasema, "Mimi niliwaokolea malango yote, nikakosea kwenye simu moja."

Mbelwa akawatazama wote watatu, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe, ile iliyozungusha usukani ukazunguka bila taabu. Aliomba apewe mpaka kesho. Kesho ikaja, akaomba kesho nyingine, na miche ya watu ikazidi kurefuka.

Basi mimi nimewafikisha hapo alipokwama yeye, na nawaona mnavyotazamana, kila mmoja anashuku jibu la mwenzake. Vitalu vimebaki viwili, cha Shekue na cha Yusta. Majaruba ni matatu. Maji ya kupandikiza tayari yanapita kwenye mfereji. Je, ninyi mliosikia yote, jaruba la nani libaki tupu?