Kiboko Atunga Kitabu cha Katuni

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, zamani zile wanyama walipokuwa na milango, mikeka na majirani wa kusengenyana kama sisi, palikuwa na Kiboko mmoja mwimbaji. Ngomani walimwita Bwana Kishindo. Akifungua kinywa, buuuu! vyungu vinatikisika jikoni. Akipita njiani, watu wazima wanaacha ugali mezani wakamtazame.

Kaeni vizuri. Wewe, toa kidole puani. Hadithi hii hunipandisha hasira kila nikiisimulia, na leo nataka mkasirike pamoja nami.

Jirani yake Kiboko alikuwa Kindi, mdogo hivi, anakaa ndani ya mti na wanawe watatu. Kindi alikuwa fundi wa kuchora. Anachovya ncha ya mkia kwenye maji ya mkaa, chwi! chwi! anapiga visanduku kwenye karatasi. Ndani ya kila kisanduku picha, na mtu wa kwenye picha akisema, maneno yanamtoka mdomoni ndani ya duara, kama povu la sabuni. Ndizo hizo mnazoziita katuni. Kila siku watoto wa kijiji walijaa mlangoni kwake kusoma.

Waliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mafuriko, kwa sababu ilikuwa ya kweli. Mwaka wa maji makubwa, watoto wa wanyama wadogo walikwama ndani ya ghala. Mlango umefungwa kwa kamba kwa nje, na maji yanapanda. Mama yake Kindi, Bi Semeni, akajitosa. Akaitafuna ile kamba, kwe, kwe, kwe, mpaka ikakatika. Watoto wakatoka wote. Yeye mwenyewe maji yakamchukua, na hakuonekana tena.

Na Kiboko siku hiyo alikuwa wapi? Yeye aliyeumbiwa maji! Alikuwa kilimani, shingoni kajifunga kitambaa, anasema ana ngoma jioni, hataki sauti ipate mafua. Mafua! Kiboko!

Basi siku moja Bwana Kishindo akapita mlangoni kwa Kindi, na watoto hawakugeuka hata mmoja. Macho yote kwenye karatasi. Ilimchoma hiyo! Akarudi nyumbani akinuna.

"Mke wangu, na mimi natunga kitabu cha katuni."

"Wewe? Mkaa umeshika lini?"

"Mtu maarufu hana haja ya kujifunza!"

Akakaa chini. Kwacha! mkaa wa kwanza ukavunjika. Kwacha! wa pili. Akahangaika kutwa nzima, jasho linamtiririka, kisha akamwita mkewe aone.

Mama Kiboko akatazama. Akaigeuza karatasi juu chini. "Kinu umekipatia kweli."

"Kinu gani? Ni mimi huyo!"

"Haya. Na mchi huu?"

"Mguu wangu!"

Mama Kiboko akaingia jikoni kucheka, maana kucheka mbele yake ilikuwa hatari.

Asubuhi Kiboko akaenda kwa Kindi. Hata hodi hakupiga. Akauegemea mti, ukalia kriii!

"We Kindi! Ile hadithi yako ya mafuriko naichukua. Utanichorea wewe, jina la nje litakuwa langu. Na aliyefungua mlango wa ghala ni mimi."

"Bwana Kishindo, aliyefungua ni mama yangu. Alikufa siku ile!"

"Mama yako nani anamjua? Mimi ndiye ninayejulikana."

Mnasikia hayo? Mtu kafa maji akiokoa watoto wa wenziwe, na huyu aliyekaa mkavu kilimani anataka kuvaa sifa zake kama kanzu ya kuazima! Watoto waliozaliwa baadaye wangekua wakijua Kiboko ndiye aliyewaokoa wazazi wao, na Bi Semeni angekufa mara ya pili.

"Na nikikataa?" Kindi akauliza.

Kiboko akauegemea mti tena. Kriii! Ndani, wale wanawe watatu, ambao hata macho hawajafungua, wakaanza kulia.

Kindi akawatazama wanawe. Akatabasamu. Ogopeni mdogo akitabasamu hivyo!

"Bwana mkubwa, kwa nini nikatae heshima? Nikuchore vipi?"

"Mkubwa! Mkubwa kuliko wote!"

"Kisanduku ukijaze?"

"Vyote nivijaze! Tumbo langu lisipunguzwe hata unywele."

"Na wakiuliza nani kachora?"

"Mimi!"

"Basi, Bwana wangu, apa mbele za watu kwamba hukusaidiwa na mtu. Vinginevyo watakuja kunipa mimi sifa zako, nami sizitaki."

"Naapa! Tena kwa sauti!"

Kindi akachora siku saba. Kila ukurasa ukiisha, Kiboko anakuja kuukagua.

"Hili ni nini hapa, jeusi jeusi mpaka pembeni?"

"Paja lako, Bwana. Wewe mkubwa, kisanduku kidogo. Limeingia paja tu."

"Ahaa! Paja langu kweli! Duniani hakuna la pili." Akajitazama weee, mpaka akatokwa na machozi ya furaha. "Na haka kadudu huku chini, kenye mkia?"

"Haka ni kwa ajili yako, Bwana. Pasipokuwa na kadogo kando yako, nani atajua ukubwa wako?"

"Umesema! Kaweke kila ukurasa."

Siku ya kukitoa kitabu, kijiji kizima kilifurika uwanjani. Ngoma zikalia, ti-pwa! ti-pwa! Kanga, mpiga mbiu, akapanda kwenye meza.

"Kelele basi! Bwana Kishindo anasema!"

Kiboko akasimama, kavaa joho. "Kitabu hiki nimekitunga mimi! Nimekichora mimi, kila mstari! Naapa, hakuna aliyenisaidia, si mkubwa si mdogo!"

"Hoyeee!"

Kanga akafungua ukurasa wa kwanza na kuwainulia watu. Watoto wakasogea mbele.

"Huu ukuta?"

"Si ukuta, ni mwamba. Tazama huku chini! Kuna kindi mdogo anakimbia!"

Ukurasa wa pili: tumbo. Pembeni kabisa, kindi yule mdogo anaingia majini. Wa tatu: mgongo. Chini yake, kindi yule ana kamba mdomoni.

"Anaitafuna! Kanga, fungua upesi!"

"Acheni kusukumana! Nafungua!"

Wa nne: paja lile lisilo na la pili duniani. Nyuma yake mlango wa ghala uko wazi, vichwa vya watoto vinachomoza. Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Kanga akafungua ukurasa wa mwisho. Mwamba tu na maji. Kale kadogo hakamo.

Digidigi mdogo wa kike, ambaye ile ya mafuriko hajawahi kuisoma, akauliza, "Kaenda wapi?"

Nyuma kabisa, mama mmoja wa Sungura akasimama na mwanawe mgongoni. Siku ile alikuwa mtoto ndani ya ghala. "Maji yalimchukua," akasema. "Ni Bi Semeni huyo. Namjua kwa mkia wake. Alitutoa sote."

"Bi Semeni!" watoto wakaitikia. "Bi Semeni!"

Kiboko akachachamaa. "Na mimi je? Mimi si nimejaa kila ukurasa?"

Yule Digidigi akamtazama, akautazama mwamba. "Kumbe ni wewe? Wewe ndiye uliyekuwa umeziba njia!"

Watu walicheka, wajukuu zangu! Hata Mama Kiboko safari hii hakwenda jikoni.

"Uongo!" Kiboko akanguruma. "Sikuchora hivi mimi! Aliyechora ni..."

Angemtaja Kindi, angekuwa kaapa uongo mbele ya kijiji kizima.

"Ni nani, Bwana Kishindo?" Kanga akauliza kwa adabu nyingi. "Tumesikia vibaya kiapo chako?"

"...Ni mimi," Kiboko akasema, na ile sauti ya kutikisa vyungu ikatoka nyembamba kama ya mbu.

"Na maana yake ni nini, Bwana?" Kindi akauliza kutoka mstari wa mbele. "Siku ile ulikaa tu, Bi Semeni akafa. Ndivyo ulivyotaka kutuambia?"

Watu wote wakamgeukia wakingoja. Kiboko akatazama huku, akatazama kule.

"Ndivyo," akasema.

Basi ndivyo ukweli ulivyothibitika, kwa kinywa chake mwenyewe.

Nanyi shikeni hili: kazi ya mdogo ni ya mdogo, na aliyeifanya atajwe kwa jina lake.