Kande Zinaungua, Nyamizi Anasema

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni. Wewe unayetafuna muhogo, tafuna kimya. Meno yangu yamehama. Nikipaaza sauti nitawatemea mate.

Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, mkuu wa kijiji kimoja alifariki. Kiti kikabaki kitupu. Masanja mwenye ng'ombe akakitaka. Wanawake wakashika vichwa, maana ng'ombe wa Masanja walikuwa wakitangulia kisimani, mmuu, mmuu, na watu wakichota matope.

Desturi yao ilikuwa hivi: anayetaka kiti husimama uwanjani akasema, na wanaomtaka huja kuketi nyuma yake.

Nyamizi, mwanamke wa kijiji hicho, naye alikitaka. Alikitaka, akakiogopa. Akaenda kwa Bibi Kalunde, mwanamke pekee aliyewahi kukigombea.

"Umekuja kufunzwa na aliyeshindwa?" Kalunde akacheka mpaka akakohoa. "Vema. Alijuaye shimo ni aliyetumbukia."

"Ulishindwaje, Bibi?"

"Nilikuwa jikoni! Si wakichagua sisi wanawake tunapika? Wakaniita nikaseme. Nikawajibu, 'Ngojeni, hazijaiva!' Nilipotoka na chungu, mwenye kiti ameshakaa. Nami, mjinga wa wajinga, nikampakulia wa kwanza!"

Basi wakaanza mazoezi. Kalunde aliinjika kande, akachochea kuni. Nyamizi akasimama kunena habari za kisima. Tokota, tokota. Chwaa! Povu likamwagikia motoni, Nyamizi akaruka kuepua.

"Rudi! Hiyo ni miguu yangu umeivaa. Sema!"

Kesho yake tena. Tokota, tokota. Chwaa! Nyamizi akaendelea kusema, asiruke. Wakala ukoko, wakalala.

Siku ikafika. Nyamizi akasimama uwanjani. Akasema, asubuhi wachote watu, jioni wanywe ng'ombe. Mara moshi ukafuka jikoni. Chwaa!

"We mwanamke!" Masanja akafoka. "Huoni kande zinaungua?"

Nyamizi miguu ikamwasha.

"Zinaungua, baba. Mwenye njaa akazitazame. Mimi nasema."

Wanawake wakajikaza, wasiende jikoni. Aliyenyanyuka ni nani? Bibi Kalunde! Puku, puku, puku, mbio jikoni, huku akijitukana:

"Lo, miguu hii! Nimemfunza mtoto wa watu akafunzika, yenyewe haisikii!"

Uwanja ukaangua kicheko. Masanja mwenyewe akashika mbavu. Nyamizi hakucheka. Alisema mpaka akamaliza. Wanawake wakaja, wakaketi nyuma yake. Wanaume waliochoka kunywa matope nao wakaja, mmoja mmoja, wakijifanya wanatafuta kivuli. Masanja akabaki na ndugu zake, kiti akakikalia Nyamizi.

Kalunde alipofariki, shamba walirithi watoto wake. Vyungu vyeusi havikupata mrithi. Asubuhi ya kisima walirithi watu, jioni wakarithi ng'ombe. Na Nyamizi je? Alirithi hodi. Kila mwanamke aliyetaka na kuogopa alibisha mlangoni kwake.

Basi, wajukuu zangu, ukitaka njia, mwulize aliyeanguka, mradi awe anajicheka. Ngano yangu imeketi hapo. Mimi nishikeni mkono niinuke.