King'ora cha Kibungulo

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, palikuwa na kijiji kiitwacho Kibungulo, chini ya mlima uliokuwa ukiporomosha udongo kila masika. Akaja mtafiti, Daktari Redempta. Hakuja kuamuru. Alikaa na wanakijiji, wakapanda mlima pamoja, wakafukia pamoja chombo cha kupima maji ardhini, kinachotuma vipimo kwenye simu ya Redempta, wakakubaliana pamoja kipimo cha hatari. Wakafunga king'ora, na ufunguo wakampa Mwanne, mjane aliyeaminiwa na wote.

Mvua zikaanza. Chombo kikaonyesha hatari, Redempta akampa Mwanne habari, naye akapiga king'ora, watu wakakimbilia shuleni. Mlima haukushuka. Waliporudi walikuta wezi wamepita.

Fidelisi, mkulima, alikuta zizi tupu. Akaongoza watu, wakampiga Mwanne mawe mpaka akapasuka paji la uso.

"Ukilipiga tena hilo lidude lako bila ruhusa ya mwenyekiti, tunakuchomea nyumba!" Fidelisi akamwambia.

Kijiji kizima kikashangilia.

Daktari Redempta akaona aibu. Huko mjini kwake akakipandisha kipimo cha hatari, peke yake, asimwambie mtu.

Mvua kubwa ikarudi. Maji ardhini yakapita kipimo cha zamani, Redempta akanyamaza. Yalipofika kipimo kipya ndipo akampigia simu mwenyekiti, Mzee Kobelo.

"Mzee, watoe watu sasa hivi!"

Siku hiyo Kobelo alikuwa anamwoza binti yake. Wageni ndio kwanza walikuwa wanapakuliwa pilau. Akajisemea, "Wale kwanza." Wakala. Ndipo akamwita Mwanne: "Haya, kapige."

Mwanne akaushika ufunguo, akamkumbuka mama yake aliyepooza, yuko ndani peke yake. Akaenda kumbeba, akamfikisha shuleni, ndipo akarudi kupiga king'ora. Kililia mlima ukiwa tayari unashuka.

Nyumba za bondeni zilifukiwa zote. Zamda, mke wa Fidelisi, alifukiwa na mapacha wake wamemshikilia. Fidelisi mwenyewe alikuwa harusini.

Baada ya mazishi kijiji kikakutana shuleni. Fidelisi alisimama na tope bado kwenye kucha.

"Daktari! Tulipanga pamoja, ukabadilisha peke yako. Umewaua wanangu!"

"Mlimpiga Mwanne mawe kwa kosa la chombo changu," Redempta akasema. "Niliogopa king'ora kingine cha bure kingemuua. Lakini nilipopiga simu muda ulikuwepo. Muulize mwenyekiti wenu aliutumia kufanya nini!"

Kobelo akafoka. "Mnanitazama nini? Mlikuwa mezani kwangu, mnakula! Nani angeinuka, baada ya kile king'ora cha kwanza? Na nilipompa Mwanne ruhusa, mlima ulikuwa bado umesimama!"

"Ulikuwa umesimama, ndiyo," Mwanne akasema. "Nikambeba mama. Nyinyi mliniachia kijiji kizima, lakini mama yangu aliachiwa nani kati yenu? Nani angekwenda kumtoa? Na wewe, Fidelisi, ulinikataza kupiga bila ruhusa. Asubuhi ile niliona ufa mlimani kwa macho yangu. Nikagusa kovu hili, nikakaa kimya. Ulininyamazisha wewe!"

Fidelisi akamrukia. Wanaume wakamshika. Akapiga kelele, "Nilipoteza mbuzi wangu! Nilikuwa na hasira! Ningejuaje?"

Hapo akainuka mama mzazi wa Zamda.

"Mwacheni," akasema. "Kila mmoja wenu ana sababu, na kila sababu nimeisikia. Mimi mwanangu hakufa mara nne. Amekufa mara moja. Niambieni nani alimuua."

Redempta aliinamisha kichwa, Kobelo akatazama mlango, Mwanne akalia, Fidelisi akakaa chini. Na yule mama amesimama, anasubiri, na nje mvua imeanza tena.

Haya, nyinyi mlionisikiliza, mjibuni yule mama. Aliyekipandisha kipimo, aliyengoja wageni wale, aliyemtanguliza mama yake, au aliyeinua jiwe la kwanza: je, nani alimuua Zamda na wanawe?