Bwawa Lisilo na Tope

Hapo zamani za kale, kabla blanketi halijafika mlimani, wanyama walikuwa na nyumba, majiko na mashamba kama sisi. Sogeeni karibu na moto, maana mlima ninaousema ulikuwa na baridi ya kung'oa meno. Kila kipupwe iliingia sakitu, ule umande unaoganda alfajiri ukawa mweupe kama chumvi. Ikigusa mboga, basi tena! Zinageuka nyeusi, zinalala chini.

Mwenyekiti wa mlima alikuwa Nyati, mkubwa wa mwili na mkubwa wa maneno. Siku moja aliitisha mkutano, akapiga kwato: gu! gu! gu!

"Sikilizeni! Mboga zimekuwa haba. Kwanza, ni marufuku kugaagaa topeni. Maji yote ni ya bustani! Pili, kipupwe kikiisha nitakagua nyumba kwa nyumba. Asiye na mboga bichi, afungashe. Atashuka bondeni!"

Wanyama wakatazamana. Bondeni alikaa Chui.

Bi Pimbi, mjane mwenye watoto wadogo, akainua mkono. Ni mdogo huyo, anaenea kwenye kapu la sokoni. "Mwenyekiti, mboga gani itaota kwenye barafu hii?"

"Hilo si langu," alisema Nyati.

Nguruwe, rafiki wa Nyati, akacheka, kho kho kho! "Bi Pimbi, Chui anapenda vinono. Na wanao wana mashavu!"

Bi Pimbi alirudi nyumbani. Akaingiza mkono kwenye shimo la viazi achukue vya kupika. Lo! Chini mle kulikuwa na joto. Akautoa mkono, baridi. Akauingiza tena, joto.

"Kumbe ardhi imejifunika yenyewe!" alisema. "Basi mboga zishuke chini nazo zijifunike."

Akachora kwenye majivu. Handaki refu, lenye kina. Upande wa kaskazini uwe chini, kwa sababu jua la kipupwe hupita huko. Upande wa kusini udongo urundikwe kuzuia upepo. Ukutani mawe meusi, yaote jua mchana na kupasha mboga usiku. Juu, mianzi na nailoni. Msiniulize zamani hizo nailoni aliitoa wapi. Hadithi ni yangu, anayetaka isiyo na nailoni atunge yake.

Akaanza kuchimba, kwaru kwaru kwaru, asubuhi nzima. Akapata shimo la kutosha bakuli.

"Kwa kucha hizi watakuja kumaliza vilembwe wangu," alisema. Akajipangusa, akaenda kwa Nyati.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Umekuja kuaga?"

"Nimekuja kukuonea huruma. Mgongo umekukauka hivyo!"

"Usiniambie!" Nyati akajikuna kwenye nguzo mpaka nyumba ikatikisika. "Unawasha, Bi Pimbi. Unawasha! Lakini sheria ni sheria."

"Nyuma ya nyumba yangu ardhi ina joto. Mwenye nguvu akichimba, nani ajue, huenda akakuta tope vuguvugu. Maji ya bustani hayaguswi. Na hapo haonekani na mtu."

Nyati akatazama kulia. Akatazama kushoto. "Vuguvugu kiasi gani?"

"Kama uji wa mtoto."

Mate yakamtoka Nyati, tii! Akamwita Nguruwe, wakaja kwa kunyata. Mmoja kwa pembe, mwenzake kwa pua, tifu! tifu! tifu! Bi Pimbi akakaa juu ya jiwe, akasimamia.

"Refusheni kidogo, mwenyekiti. Mkubwa kama wewe utaoga umejikunja?"

"Hata kidogo!" Nyati akarefusha.

"Udongo wote tupeni kusini."

"Kusini kwa nini?" aliuliza Nguruwe.

"Upepo unatokea wapi? Mwili una tope na upepo unakupiga, si utakufa?"

"Kweli!" Wakatupa kusini.

"Pangeni na mawe meusi ukutani, ya kujisugulia mgongo. Na ngazi, maana raha ikikolea mtu hawezi kuruka."

"Bi Pimbi ana akili," Nguruwe alimnong'oneza Nyati. "Tutamkosa akienda bondeni."

Wakachimba mpaka shimo likamfika Nyati kifuani. Wakatoka, wakarudi nyuma, wakajitupa ndani. Puu! Puu! Vumbi likapanda hadi mawinguni.

"Kho! Kho! Tope liko wapi?" alifoka Nyati.

"Ajabu! Joto hamlisikii?"

"Joto lipo. Tope!"

"Tope, mwenyekiti, nilisema huenda."

Mteremko ule wa nyuma ya nyumba haukuwahi kutuamisha hata maji ya mvua, na Bi Pimbi alilijua hilo. Wakubwa wakaondoka wanapiga chafya, wanasonya. Hawajapinda kona, Bi Pimbi na wanawe wameshabeba mianzi. Wakaezeka, wakatandaza nailoni, wakamwaga mbolea, wakapanda. Sakitu ikaja, ikaunguza mlima mzima. Ndani ya handaki nailoni ilitoka jasho.

Kipupwe kikaisha, siku ya ukaguzi ikafika. Nyati mbele, wanyama wote nyuma. Kwa Kanga, mboga nyeusi, Kanga analia. Kwa Nungunungu, nyeusi, Nungunungu analia. Wakafika kwa Bi Pimbi.

"Fungasha!" alisema Nyati.

"Karibuni ndani kwanza," alisema Bi Pimbi, akafunua nailoni.

Joto likawapiga puani, fuuu! Mchicha umesimama, figiri imejaa, nyanya zinaning'inia nyekundu. Watoto wa Pimbi wamekaa kwenye ngazi wanatafuna. Nakwambieni, hata mimi ningepiga vigelegele.

"Ala!" Nguruwe akaropoka. "Si bwawa letu hili? Tumelichimba sisi! Mabega yananiuma mpaka leo!"

Nyati akamkanyaga mguu, lakini wapi.

"Bwawa?" aliuliza Kanga. "Bwawa la kugaagaa? Sisi tunabeba maji kwa vibuyu, mwenyekiti unachimba bwawa?"

"Uuuuu!" wanyama wakapiga kelele.

Bi Pimbi akamsogelea Nyati, akainua shingo. "Na mboga zako ziko wapi, mwenyekiti?"

"Zimeungua," alisema Nyati, sauti haisikiki.

"Sheria umeitunga mwenyewe. Njia ya bondeni ile pale."

Huko chini Chui akakohoa, hhaa! hhaa! Nyati akajibanza nyuma ya Bi Pimbi.

"Bi Pimbi, dada yangu..."

"Leo nimekuwa dada!" Wanyama wakaangua kicheko. "Haya, kaka, usitetemeke. Hakuna atakayeshuka bondeni, si wewe wala Kanga. Lakini nyumba zote hizi zinahitaji handaki kabla ya kipupwe kingine, na pembe unazo."

Nyati akainamisha pembe zake kubwa mbele ya wote. "Nianze kwa nani?"

"Kwa Kanga."

"Na udongo," aliuliza Nguruwe kwa unyonge, "tutupe kusini?"

"Kusini!" wakajibu wanyama wote kwa pamoja, mlima ukaitikia.

Ndiyo hivyo, wajukuu zangu: nguvu isiyofikiri huishia kumchimbia mwenye akili.