Funo Aliyenasa Wavuni kwa Atoka

Hapo zamani, nyinyi hamjazaliwa na mimi sikuwapo pia, palikuwa na kambi ya wawindaji ndani ya msitu mkubwa. Kijana mmoja, Atoka, alimpenda binti aitwaye Sinde hadi usingizi ukamhama. Bekima naye alimtaka Sinde huyohuyo. Baba wa binti, Mzee Apilo, akasema, "Atakayeniletea funo wake mwenyewe, huyo ndiye mkwe wangu." Funo ni paa mdogo, lakini mbio anazo.

Asubuhi wanaume wakatandaza nyavu, wavu wa Atoka kando ya wavu wa Bekima. Wanawake wakazunguka mbali, waje wakipiga kelele na kuwafukuza wanyama kuelekea nyavuni. Kazi ya mwenye wavu ni moja tu: kukaa karibu nao, kimya, mkuki mkononi. Atoka akakaa. Mara akasikia nyuki juu ya mti. Mtu wa msituni akisikia nyuki, haulizi tena habari nyingine. Akapanda.

Funo akaja mbio, akanasa katika wavu wa Atoka. Akapiga mateke, kamba zikaanza kukatika. Bekima akaruka, akamchoma mkuki. Atoka aliposhuka na kuona mkuki ule ni wa nani, moyo ukampasuka.

Wakambeba mnyama hadi kwa Mzee Apilo.

"Baba, kwetu mnyama ni wa mwenye wavu," Atoka akasema. "Tangu enzi za mababu."

"Ni wa mwenye wavu aliyepo," Bekima akajibu. "Bila mkuki wangu, Mzee, leo ungekula kamba."

"Mimi nilipanda kumtafutia Sinde asali!"

"Iko wapi?" Sinde akauliza.

Atoka akajifuta asali kidevuni.

"Basi na mimi nisikilizeni," Sinde akasema. "Funo alikuwa anakwenda kwa Bekima. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka, nikamgeuza, nikampeleka kwa Atoka. Mnyama ni wangu. Mimi mwenyewe nimemletea baba yangu, na nitaolewa na nimtakaye."

"Unamtaka nani?" Atoka akauliza.

"Asubuhi nilikuwa najua."

Mama yake Sinde alikwisha kuinjika chungu, na maji yanachemka. Mzee Apilo akachomoa kisu. Kwao kisu hupewa mwenye mnyama, akate na kugawa. Mikono mitatu ikanyooshwa.

Haya, mlioketi hapa, nyama haingoji. Je, nani alistahili kupewa kisu?