Manyoya Mawili ya Kidoti

Nawatolea hadithi?

Tolea, bibi.

Ni ya uongo?

Ya uongo, yenye kweli tumboni.

Haya. Hapo zamani, zamani sana, kuku alipokuwa bado ana kwao porini, waliishi Mama Kanga na Baba Kanga na watoto wao kumi na wawili. Msinicheke. Kumi na wawili, na wote wana njaa, maana mwaka ule mvua ilisusa na mchwa wakazama chini kabisa.

Kanga wa pori lile walikuwa na hofu moja: wezi wa watoto. Walisikia kwamba wezi hao hutoka ng'ambo ya mto. Basi kila siku madume sita walisimama mtoni, vifua mbele, wakilinda. Mto wenyewe ulikuwa umekauka, lakini walilinda.

Siku moja akaja Kuku, dada yake Baba Kanga. Hakutokea mtoni. Alitokea kilimani, amenona, anatembea akiyumba. Akasimulia kwamba nyuma ya kilima mtama umejaa, na watoto wanafundishwa kazi. Akamwambia Mama Kanga, "Wifi, nipe mmoja nikusaidie kulea. Mimi si shangazi yake?"

Na kwa kanga kulikuwa na desturi: mtoto ukishampa ndugu, huulizi habari zake. Kuuliza ni kumtukana ndugu. Unangoja uletewe salamu. Basi Mama Kanga akamtoa Kidoti, kifunguamimba wake, yule aliyekuwa akiruka juu mpaka mama anaona kizunguzungu. Akambariki. Walinzi wakawapungia mbawa kutoka mtoni.

Mwezi ukapita. Kuku akaja mara ya pili, na mdomoni ana unyoya mrefu wenye madoa. Akasema Kidoti amenenepa, anamsalimu mama yake, na amempelekea unyoya ajipambe.

Weee! Mama Kanga akauchomeka kichwani. Tangu siku ile hata kuchakura alichakura shingo imesimama, utadhani mke wa jumbe. Majirani zake watatu wakauona, wivu ukawala. Wakatoa nao watoto wao, mmoja mmoja, kabla hata hawajaombwa.

Kuku akaja mara ya tatu, na unyoya wa pili. Safari hii anamtaka kitindamimba.

Mama Kanga akasema ngoja kwanza, aone Kidoti amekua kiasi gani. Mama ni mama. Akafungua bawa lake, akaulaza unyoya juu yake kuupima. Ukakaa sawasawa penye manyoya ya kurukia. Akautazama mzizi. Unyoya uliodondoka wenyewe mzizi wake huwa mkavu, msafi. Ule ulikuwa na damu. Akachomoa ule wa kichwani. Nao ulikuwa na damu, imeshagandia.

Akamgeukia Kuku. Kisha akasema, "Wifi, mwanangu yuko wapi?"

Kanga wote wakainamisha vichwa kwa aibu. Baba Kanga akamvuta pembeni, akanong'ona, "Mke wangu, unamuuliza dada yangu?"

"Namuuliza. Na wewe nakuuliza. Yuko wapi?"

Kuku akasema ni mbali, mwendo wa siku tatu. Mama Kanga akasema miguu anayo. Akashika njia ya kilimani, na kila hatua anauliza kwa sauti: yuko wapi, yuko wapi? Wale majirani watatu wakatazamana. Wakamfuata, nao wanauliza. Mwisho hata walinzi wakauacha mto wao mkavu. Kuku wakamtia katikati.

Siku tatu? Jua halijafika utosini, wamefika. Lilikuwa shamba la mtama la Nyani. Kidoti na wenzake wanaokota viwavi, migongo imepinda, mbawa zimenyonyolewa wasiruke. Na kwa kila kichwa, Kuku alikuwa akipewa kibaba cha mtama.

Nyani akasema watoto ni wake. Kanga hawakupigana. Waliuliza tu, wote kwa pamoja: yuko wapi, yuko wapi, yuko wapi? Nyani akaziba masikio. Kuna kitu kimoja anakiogopa, nacho ni chui, na chui huja penye kelele.

"Wachukueni, ila nyamazeni," akasema. "Lakini viwavi wangu ataokota nani?"

Wote wakamtazama Kuku.

Basi Kuku akabaki anachakura. Mpaka leo, hata umwagie mtama mbele yake, lazima achakure. Na Kidoti hakuweza kuruka, kwa hiyo kanga wote wakarudi naye kwa miguu, msururu mmoja, mama yake nyuma yake. Ndiyo maana kanga, mbawa anazo, lakini hutembea. Na kutwa nzima mnamsikia akiuliza.

Wajukuu zangu, mwizi wa mtoto si lazima avuke mto. Njaa humfungulia mlango, sifa humkaribisha, na aibu ya kuuliza humtwika mtoto aondoke naye. Ukimpa ndugu mtoto, muulize. Ndugu mwema hujibu.

Hadithi yangu imetua hapa, mbawa zake nzima. Mwenye yake naye airushe.