Kitambaa cha Mshitakiwa

Hapo zamani, watu walipokuwa wangali wakidhani tangazo la mfalme linashibisha, Sultani Harithi wa Mwangazi alitunga sheria ya haki. Kila mshitakiwa azibwe kinywa kwa kitambaa, asije akajiharibia shauri, na wakili amsemee. Asiye na wakili, kimya chake ni kukiri. Na wakili mjini alikuwa mmoja tu, Bwana Shawana, ambaye kazi yake ilikuwa kuwashitaki watu. Haki iliyoje!

Basi akaletwa Bi Mwanahawa, dobi, kwa shitaka la kuiba joho la sultani alilopewa kufua. Kifungo chake miaka saba. Mkadamu, fukara aliyechekwa na mji mzima, alikuwa amemwona kwa macho yake akilirudisha joho lile. Tena bibi huyo ndiye aliyemfulia kanzu yake ya pekee bila ujira. Moyo ukamuuma.

Siku hiyo palikuwa na wageni wa nchi za mbali, waliokuja kujifunza haki.

"Sheria yangu haijui mkubwa wala mdogo," sultani akawaambia. "Hata mimi imo shingoni mwangu."

"Ahsante, bwana wangu," akasema Mkadamu. "Basi nakushitaki. Umeiba kanzu yangu."

Akamfungua Bi Mwanahawa kitambaa, akamfunga sultani. Askari wakatazama wageni, wageni wakatazama sultani, naye akaona haya kukataa. Akamwashiria Bwana Shawana amtetee.

"Huyo ni wa washitaki," akasema Mkadamu, "na leo mshitaki ni mimi. Bwana Shawana, mshitakiwa asiye na wakili?"

"Amekiri! Miaka saba!" akajibu Shawana kwa mazoea, kisha akashika kichwa.

Sultani akakivuta kitambaa kikatoka kinywani. "Sikuiba! Nisikilizwe! Nina mashahidi!"

"Bi Mwanahawa pia anaye," akasema Mkadamu. "Ni mimi. Alilikabidhi joho kwa mlinzi wa lango, nami nikiona."

Mlinzi akaulizwa, akainama, akakiri kuliuza. Sultani akatema mate. "Na kitambaa hiki mbona chanuka hivi?"

"Ni vinywa vya waliofungwa kabla yetu, bwana wangu," akasema Bi Mwanahawa. "Nakifua kila Jumatatu. Harufu haitoki."

Sultani akakitupa kitambaa chini. Ikawa siku ile ile, kwa amri yake, gereza likafunguliwa, kila mfungwa akasikilizwa upya, na Bwana Shawana akaamriwa awatetee wote, bila ujira, hadi sauti ikamkauka.